Barua ya wazi kwa wenye mfumo wa kusimamia vifaa: ondoeni makosa yaliyokwisha

KWA: Wakurugenzi, wahandisi wakuu na wakuu wa huduma kwa wateja wa mfumo wa kusimamia vifaa

KUTOKA KWA: Msimamizi wa mifumo, mteja wenu

YAH: KUMBUKUMBU ZA HITILAFU ZILIZOPITWA NA WAKATI

Waheshimiwa,

Pokeeni kwanza salamu na heshima zangu. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imefika mwisho. Mfumo wenu, ambao taasisi huutumia kusimamia simu na kompyuta za kazi kutoka mbali, unaendelea kuonyesha makosa yaliyokwisha kurekebishwa kana kwamba yapo leo, na kwa sababu ya makosa hayo watu wasio na hatia yoyote wanazuiwa kufungua barua pepe na mafaili yao ya kazi. Nimelifikisha jambo hili kwenye dawati lenu la msaada, pamoja na kumbukumbu za matukio nilizozitoa kwenye vifaa vyenyewe. Nikaambiwa nisubiri saa 24. Saa zikapita, nikaambiwa nikiondoe kifaa kwenye usajili na kukisajili upya. Nilipouliza kwa nini kifaa kizima kisajiliwe upya kwa sababu ya mstari mmoja ulio kwenye hifadhidata yenu, tiketi ya lalamiko langu ikafungwa kwa maelezo kwamba mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Wasimamizi wenzangu wa taasisi nyingine wananiambia wamejibiwa vivyo hivyo.

Sisemi haya kwa chuki. Mfumo wenu umetupunguzia kazi nzito. Zamani, kuweka programu moja kwenye kompyuta mia kulimaanisha kukaa mbele ya kompyuta mia. Leo simu ikiibiwa tunaifunga kutoka mbali kabla mwizi hajafika nayo popote. Tumeuamini mfumo huu kiasi cha kuukabidhi uamuzi wa nani aingie na nani asiingie. Chombo kilichopewa imani ya namna hiyo kina deni moja la msingi: kinaposema kifaa kina kosa, kosa liwepo kweli.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii, nieleze kwa ufupi. Mfumo wa kusimamia vifaa una pande mbili. Upande mmoja ni seva, ambako msimamizi anaandika sera: simu iwe na nenosiri la tarakimu sita, diski ya kompyuta isimbwe (isisomeke bila ufunguo), programu fulani iwekwe, cheti cha kuingilia mtandao kifikishwe. Upande wa pili ni kifaa chenyewe, ambacho kila baada ya muda huita seva, huchukua maagizo, huyatekeleza na kurudisha jibu. Jibu likiwa baya, seva huandika kosa: kifaa gani, mtumiaji gani, sera gani, msimbo gani, saa ngapi. Tangu hapo, ili kosa hilo lifutike, seva inangoja jibu jema kutoka kwa kifaa kilekile, kwa mtumiaji yuleyule, kwa sera ileile. Jibu hilo lisipokuja, kosa linabaki. Na katika maisha ya kawaida ya taasisi yoyote, mara nyingi haliwezi kuja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Makosa yaliyobaki bila mwenyewe

Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mtumishi anaacha kazi. Kompyuta yake anapewa mwingine. Siku zake za mwisho, sera moja ilishindwa kutekelezwa chini ya jina lake, labda kwa sababu diski ilikuwa imejaa au cheti kilikuwa kimeisha muda. Mtumishi mpya anaingia, sera inatekelezwa vizuri chini ya jina lake, kompyuta iko salama kabisa. Lakini kwenye ukurasa wa kifaa kuna mistari miwili ya sera hiyohiyo: mmoja wa kijani wa mtumishi mpya na mmoja mwekundu wa yule aliyeondoka. Yule aliyeondoka hataingia tena kwenye kompyuta ile, akaunti yake imefungwa. Mstari wake mwekundu hauna njia ya kubadilika. Na mfumo, unapohesabu hali ya kifaa kwa ujumla, unachukua mstari mbaya kuliko yote.

Namna ya pili ni sera iliyofutwa. Msimamizi anagundua sera ina kasoro, anaiondoa na kuandika nyingine. Vifaa vilivyoshindwa kutekeleza ile ya kwanza haviulizwi tena habari zake, kwa hiyo havitoi jibu, na makosa yake yanaendelea kuhesabiwa kwenye ripoti ya jumla. Nimekuta makosa ya sera ambayo haipo tena mahali popote kwenye mfumo. Ukibonyeza jina lake, ukurasa unafunguka mtupu.

Namna ya tatu ni programu iliyopitwa na toleo jipya. Toleo la zamani lilishindwa kuingia kwenye simu fulani, likaandikwa kosa. Toleo jipya likaingia bila shida. Simu ina programu, inafanya kazi, mtumiaji anaitumia kila asubuhi, lakini kosa la toleo la zamani bado linasomeka kwamba programu haijawekwa.

Namna ya nne ni kifaa kilichosajiliwa upya. Kinapata utambulisho mpya, na ule wa zamani unabaki kwenye orodha na makosa yake yote, kama kifaa cha pili ambacho kwa kweli hakipo. Nambari ya utengenezaji ni ileile kwenye mistari yote miwili. Mfumo wenu una taarifa hiyo mkononi na hauitumii.

Katika hali zote nne hakuna mtu aliyezembea na hakuna kifaa kibovu. Kilichokosekana ni kanuni ya kufunga kosa pale ambapo aliyepaswa kulijibu hayupo tena.

2. Majibu mema yanayoandikwa kama makosa

Itifaki ya OMA DM, yaani kanuni za mazungumzo kati ya seva na kifaa, ambayo imebeba usimamizi wa vifaa kwa miaka mingi, ina misimbo ya majibu inayofahamika. 200 maana yake agizo limetekelezwa. 418 maana yake kitu ulichoagiza kiongezwe tayari kipo. 404 maana yake kitu ulichokitaja hakipo. Sasa seva ikiagiza cheti kiongezwe na kifaa kikajibu 418, hali iliyotakiwa huenda imekwisha kufikiwa: cheti kipo. Seva ikiagiza mpangilio fulani uondolewe na kifaa kikajibu 404, vilevile: mpangilio haupo, ndivyo ilivyotakiwa. Mfumo unaojali hali ya kifaa ungethibitisha na kuandika kwamba mambo ni sawa. Wenu unaandika kosa, na kwa kuwa agizo hilo likirudiwa jibu litakuwa lilelile, kosa hilo linajizaa upya kila kifaa kinapoita seva. Hapo hata kusubiri saa 24 hakusaidii, maana kila saa 24 zinaleta kosa jipya la jambo lililokwisha.

3. Watu wanafungiwa milango

Kama makosa haya yangeishia kwenye ripoti, ningevumilia. Hayaishii huko. Taasisi nyingi zimeunganisha hali ya kifaa na ruhusa ya kuingia: kifaa kikihesabiwa kuwa hakikidhi masharti, mwenye kifaa hafungui barua pepe, hafungui mafaili, haingii kwenye mkutano. Huo ni ulinzi mzuri, nami nauunga mkono. Lakini ulinzi huo unasimama juu ya ukweli wa hali iliyoandikwa. Ikiwa hali iliyoandikwa ni ya wakati mwingine na ya mtu mwingine, basi anayezuiwa si mvunja masharti.

Fikirini anavyojisikia mtu huyo. Anasoma kwenye skrini kwamba kifaa chake si salama. Anapiga simu. Fundi anakagua: nenosiri lipo, usimbaji upo, mfumo endeshi ni wa toleo la karibuni, kifaa kimeita seva muda mfupi uliopita. Kila kitu kwenye kifaa kinasema ndiyo, na ukurasa wa seva unasema hapana. Fundi hana cha kumwambia isipokuwa asubiri. Siku ya kazi inapotea, na pamoja nayo imani ya mtu huyo kwa kitengo kizima cha teknolojia. Mara ya pili ataanza kutumia barua pepe yake binafsi kutuma mafaili ya kazi ili mambo yaende. Siwezi kumlaumu sana, ingawa kazi yangu ni kumzuia. Kosa lililokwisha limezalisha hatari mpya ambayo haikuwepo.

4. Dawa mnayotupa ni kufuta kifaa

Jibu la kawaida la dawati lenu ni kukiondoa kifaa kwenye usajili, kukifuta na kukisajili upya. Kwa kompyuta hiyo maana yake ni kunakili mafaili, kurudisha programu moja moja, kuingiza upya vyeti, na mtumiaji kukaa bila chombo cha kazi muda wote huo. Kwa simu iliyo mikononi mwa mtu aliye safarini, maana yake ni kumwomba afute simu yake mahali ambapo huenda hana mtandao wa kutosha kuirudisha. Kifaa kizima kinabomolewa ili kurekebisha neno moja lililoandikwa vibaya kwenye seva. Sijui fani nyingine ambamo ushauri wa namna hiyo ungetolewa kwa utulivu kama mnavyoutoa.

Tena dawa hiyo haiponyi. Kama nilivyoeleza kwenye lalamiko la kwanza, kifaa kikisajiliwa upya kinaacha nyuma utambulisho wake wa zamani na makosa yake. Tunaondoa mstari mmoja mwekundu na kuacha mwingine.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kufuta kifaa kunapoteza kumbukumbu za matukio zilizomo ndani yake, ambazo ndizo ushahidi pekee wa kuonyesha chanzo cha kosa la kwanza. Kwa hiyo ushauri wenu unaharibu taarifa ya kweli ili kuondoa taarifa isiyo ya kweli.

5. Wekundu usiosomeka

Msimamizi anayefungua dashibodi na kukuta mamia ya makosa, akijua kwa uzoefu kwamba mengi yamekwisha, hatayasoma yote. Atazoea. Siku kifaa kimoja kitakapokuwa na kosa la kweli, kwa mfano usimbaji wa diski umezimwa, kosa hilo litakaa katikati ya yaliyokufa na halitaonekana.

Madhara haya yanajulikana tangu kabla ya simu za mkononi. Tarehe 28 Machi 1979, ajali ilipoanza katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tahadhari zaidi ya 100 ziliwaka katika dakika za mwanzo, na hapakuwa na njia ya kunyamazisha zisizo muhimu ili waendeshaji waone zilizo muhimu. Tume ya rais iliyoongozwa na John Kemeny ilieleza pia kwamba printa iliyokuwa ikichapisha tahadhari hizo ilichelewa nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa mbili. Waendeshaji walikuwa wakisoma habari za wakati uliopita huku kinu kikiendelea kuharibika wakati uliopo. Silinganishi simu ya ofisini na kinu cha nyuklia kwa ukubwa wa hatari. Nalinganisha kasoro ya usanifu, nayo ni ileile: tahadhari isiyosema kama bado ni ya kweli.

6. Majina ya watu walioondoka

Kila kumbukumbu ya kosa ina jina la mtumiaji. Kosa lisipofungwa, jina la mtu aliyeondoka linaendelea kuning'inia kwenye ripoti za kila wiki, likihusishwa na kifaa asichokigusa tena. Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inataka katika kifungu chake cha 5 kwamba taarifa binafsi ziwe sahihi na, inapohitajika, ziendane na wakati. Na kwamba zisihifadhiwe katika hali ya kumtambulisha mtu kwa muda unaozidi haja. Wateja wenu wengi wanabanwa na kanuni hiyo au sheria zinazofanana nayo. Mnatuachia mzigo wa sheria bila kutupa kitufe cha kuutua.

Najua mtakayoyajibu, kwa kuwa baadhi nimekwisha kuyasikia.

Mtasema kumbukumbu ni ushahidi na haziwezi kufutwa ovyo. Nakubaliana nanyi kabisa. Siombi historia ifutwe. Naomba historia itenganishwe na hali ya sasa, jambo ambalo wahandisi wa mitandao ya simu walilimaliza zamani. Pendekezo X.733 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, la mwaka 1992, liliweka ngazi sita za tahadhari, na mojawapo ni ile inayotangaza kwamba tahadhari imeondoka: kitu kilekile, aina ileile, chanzo kilekile, sasa basi. Mwaka 2004 hati ya RFC 3877 ya wahandisi wa intaneti ikaeleza majedwali mawili tofauti, moja la tahadhari zilizo hai na jingine la zile zilizofungwa. Aliyetaka historia aliipata kwenye jedwali la pili. Aliyetaka kujua hali ya sasa hakulazimika kuchambua historia. Mpango huo una zaidi ya miaka ishirini. Kuuleta kwenye mfumo wenu si utafiti mpya, ni kufuata njia iliyokwisha kufyekwa.

Mtasema tukipewa kitufe cha kufuta, wasimamizi wavivu wataficha matatizo ya kweli. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana siombi kitufe cha kufuta peke yake. Tazameni magari. Magari yanayouzwa Marekani tangu matoleo ya mwaka 1996 yana mfumo wa OBD-II. Taa ya injini ikiwaka kwa kosa fulani, gari lenyewe linaendelea kujipima. Likipita safari tatu mfululizo bila kosa kurudi, taa inazimika. Msimbo unabaki kwenye kumbukumbu, na injini ikishapata joto na kupoa mara 40 bila kosa hilo kujirudia, msimbo nao unafutika. Na kwa wale waliokuwa wakifuta misimbo kwa mashine ya fundi ili kupita ukaguzi, watunga kanuni waliongeza msimbo wa kudumu kuanzia matoleo ya mwaka 2010: huo fundi hawezi kuufuta, unafutwa na gari lenyewe baada ya kujipima na kuthibitisha kwamba kosa halipo. Yaani kosa linaondolewa kwa ushahidi, si kwa kidole. Kama chombo chenye injini kinaweza kufanya hivyo kikiwa barabarani, seva yenu iliyo na nguvu mara nyingi zaidi inaweza.

Mtasema vifaa ni mamilioni na kupima upya kila kosa ni gharama. Lakini kifaa tayari kinaita seva mara kadhaa kwa siku na kutoa hali yake. Kazi ya kupima imekwisha kufanyika na kulipiwa. Kilichobaki ni kulinganisha saa mbili: saa ya kosa na saa ya jibu jema la baadaye. Tena tangu mwaka 2021 Apple ilipotangaza njia yake mpya ya usimamizi, ambamo kifaa chenyewe hutuma taarifa hali yake inapobadilika bila kungoja kuulizwa, mwelekeo wa fani umekuwa wazi. Taarifa mpya zinafika. Kinachokosekana ni seva kukubali kuzitumia.

Mtasema kuna kichujio, tuchuje kwa tarehe. Kichujio kinabadilisha kile ninachokiona mimi. Hakibadilishi uamuzi wa kumzuia mtu, wala ripoti inayokwenda kwa wakuu wangu na kwa wakaguzi, ambao wanasoma asilimia moja tu iliyoandikwa juu ya ukurasa.

Mtasema tuandike skripti, yaani programu fupi za kufanya kazi hiyo. Tumeandika. Kiolesura chenu, yaani mlango ambao programu zetu huzungumza na mfumo wenu, kinaruhusu kusoma makosa hayo, hakiruhusu kuyafunga.

Kwa heshima, basi, naomba mfanye yafuatayo.

(a) Kila kosa lionyeshe saa tatu waziwazi: lilipotokea mara ya kwanza, lilipotokea mara ya mwisho, na kifaa kilipoita seva mara ya mwisho. Leo tunaonyeshwa saa moja, na hatuambiwi ni ipi kati ya hizo. Hili ni dogo kuliko yote na lingetupunguzia nusu ya usumbufu hata kabla ya mengine kufanyika.

(b) Kosa lijifunge lenyewe pale kifaa kinapotoa jibu jema kwa sera hiyo baada ya kosa kutokea, bila kujali ni mtumiaji gani aliyekuwa ameingia, isipokuwa sera iwe ni ya mtumiaji mmoja tu kwa asili yake.

(c) Sera ikifutwa, mtumiaji akiondolewa, programu ikipata toleo jipya, au kifaa kikisajiliwa upya kwa nambari ileile ya utengenezaji, makosa yanayohusika yafungwe na sababu ya kufungwa iandikwe. Yahamie kwenye historia, na yasihesabiwe tena kwenye hali ya kifaa wala kwenye asilimia ya jumla.

(d) Tupewe agizo la kupima upya, kwa kifaa kimoja au kwa kundi, litakalokilazimisha kifaa kutoa hali yake yote upya bila kufutwa wala kusajiliwa tena. Anayelitoa jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za ukaguzi. Anayeogopa udanganyifu atakuwa na jina na saa.

(e) Majibu ya 418 na 404 yafuatwe na uthibitisho wa hali kabla ya kuitwa makosa.

(f) Uamuzi wa kumzuia mtu usitegemee kosa lolote lililo la zamani kuliko taarifa njema ya karibuni ya kifaa chake. Hadi hapo mtakapokamilisha mengine, hili pekee lingeondoa maumivu makubwa kuliko yote. Kama kifaa hakijaita seva kwa muda mrefu, kizuieni kwa sababu hiyo na muitaje. Mtumiaji atajua kwamba anachotakiwa kufanya ni kuwasha kifaa na kuunganisha mtandao, badala ya kusoma msimbo wa kosa lisilokuwepo.

(g) Tangazeni muda wa kuhifadhi historia ya makosa, na mteja aweze kuufupisha kwa mujibu wa sheria za mahali alipo. Majina ya watumiaji walioondolewa yafichwe baada ya muda huo.

Zaidi ya hayo, naomba maelekezo ya dawati la msaada yabadilishwe mara moja, bila kungoja toleo jipya la mfumo. Kufuta kifaa kisiwe tena ushauri wa kwanza kwa kosa ambalo kifaa chenyewe kinathibitisha kwamba halipo. Watumishi wa dawati hilo ni watu waungwana, wamekuwa wakinijibu kwa adabu, na naamini hawafurahii kutoa ushauri ambao wao wenyewe wanajua hautafika mbali. Wapeni uwezo wa kufunga kumbukumbu kutoka upande wenu baada ya kuona ushahidi. Hilo linahitaji ruhusa tu.

Naomba jibu la hadharani ndani ya siku 60 kuanzia leo, likitaja kwa kila ombi kuanzia (a) hadi (g) kama mmelikubali au mmelikataa, na kwa mliyoyakubali, robo ya mwaka mnayotarajia kuyakamilisha. Mkikataa, toeni sababu ya kiufundi tunayoweza kuijadili. Nipo tayari kuwapa wahandisi wenu mifano halisi, pamoja na kumbukumbu za matukio kutoka kwenye vifaa baada ya kuondoa majina ya watu, na kupima toleo la majaribio kwenye vifaa vyetu. Wasimamizi wenzangu kadhaa wameahidi kufanya vivyo hivyo.

Wakati nikisubiri jibu lenu, nitaendelea kuwaeleza watumiaji wanaozuiwa kwamba vifaa vyao ni vizima, nikiambatanisha kiungo cha barua hii.

Kwa heshima,

Msimamizi wa mifumo